Tarehe 1 mwezi wa saba

  Kila juma la uhuru wengi wanaandika juu ya tarehe 30 mwezi wa sita 1960, juu ya hotuba ya Lumumba mbele ya mfalme Baudouin, juu ya yale tuliyotumaini na yale tuliyopata kwa miaka hii yote. Kazi hiyo ninawaachia wao. Mimi ninataka tuzungumze juu ya siku inayofuata, tarehe 1 mwezi wa saba. Siku hiyo haina gwaride, haina bendera, na watoto hawavalishwi nguo mpya. Lakini ninaona imeingia ndani ya nyumba zetu kuliko ile tunayoisherehekea.

Tarehe 1 Julai 1885, huko Vivi, kando ya mto Kongo, mjumbe wa mfalme Leopold II alitangaza kuzaliwa kwa Dola Huru la Kongo. Siku ileile ikatoka amri: ardhi yote iliyo wazi ni mali ya Dola. Na tarehe 1 Julai 1984, watu wa serikali ya Zaire walipita nyumba kwa nyumba wakatuhesabu. Ilikuwa hesabu ya kwanza ya kweli ya watu wote wa inchi hii, na mpaka leo ndiyo ya mwisho. Tarehe 1 Julai 2024 ilitimiza miaka 40.

Ardhi ilichukuliwa kwa siku moja. Watu walingoja miaka 99 kuhesabiwa.

Ninaleta habari hii kwa sababu ya swali ambalo kila aliyehama vita analijua. Unaulizwa kwenye barieri, unaulizwa siku ya kugawa unga, unaulizwa hospitalini, unaulizwa ukienda kutoa pesa uliyotumiwa kwa simu: "Weye ni wa wapi? Karte iko wapi?" Mtu aliyetoka Kitshanga au Mweso usiku, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, jibu la swali la kwanza analo. La pili hana. Karte ilibaki chini ya godoro, au iliungua, au iliporwa pamoja na simu. Tunasema ni bahati mbaya ya vita. Vita ina sehemu yake, ndiyo, lakini karatasi zetu zilikuwa dhaifu tangu zamani, kabla ya bunduki ya kwanza kulia Masisi.

Tuanze na ile amri. Mwaka wa 1885 hakuna mtu wa Leopold aliyekuwa amekanyaga Masisi, Rutshuru wala Walikale. Iliandikwa bila kuona. Kwa macho yao ardhi yenye mwenyewe ni ile yenye nyumba juu yake na mazao yanayoonekana. Shamba lililolazwa lipumzike, pori la kutega wanyama na kuvuna asali, malisho, kijito cha samaki, msitu walikozikwa wazee, vyote hivyo vilikuwa "wazi". Yeyote aliyelima mlimani anajua kwamba shamba lililolala bado lina mwenyewe. Wao hawakujua, au walijua wakanyamaza, maana kutokujua kuliwaletea faida. Mpira na pembe za ndovu zilizotoka kwenye ardhi hiyo zikawa mali ya Dola, na mwanakijiji aliyezikusanya akawa mtu anayelipa deni lisilojulikana alilikopa lini.

Kilichohesabiwa wakati ule ni kilo za mpira. Na risasi. Askari alipaswa kuonyesha kwamba risasi yake haikwenda kwenye mawindo, na ushahidi wake ulikuwa mkono wa mtu uliokatwa. Babu zetu waliliita Dola hilo Bula Matari, mvunja mawe, na jina hilo likarithiwa na serikali zilizofuata. Walikufa wangapi? Wenye elimu ya historia wanabishana mpaka leo. Kuna wanaosema milioni 10, kuna wanaosema ni chini sana ya hapo, na sioni watakavyoelewana, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahesabu watu kabla.

Ubeleji ulipoichukua Kongo kutoka mkononi mwa mfalme wake, mwaka wa 1908, kazi ya kuhesabu watu ilianza, lakini ilifanywa kama mkulima anavyohesabu majembe. Amri ya 1910 iliweka kila mtu chini ya sultani au mwami fulani, na ili kuhama ulihitaji ruhusa iliyoandikwa. Ikaja na kodi ya kichwa. Mwaka wa 1917 kilimo cha lazima, pamba huku, mpunga kule. Katika madaftari ya Wabeleji kulikuwa na safu moja waliyoijali kuliko zote: wanaume wazima wenye nguvu. Huyo ndiye aliyelipa, aliyebeba mizigo, aliyechimba barabara. Mwanamke, mtoto na mzee walikuja nyuma.

Babu yangu mzaa baba alikuwa karani kwenye migodi ya bati huko Kalima, Maniema, na buku yake ya zamani tungali nayo. Baba aliiweka ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Volkano ilipoteremka mjini Goma mwezi wa kwanza 2002 alitoka na mkebe huo, akaacha redio, jambo ambalo mama hakumsamehe upesi. Nimeisoma buku hiyo mara nyingi. Ina jina lake, jina la baba yake, kabila, usultani, kijiji, alama ya kovu kwenye paji la uso. Ina mihuri ya kodi, mwaka baada ya mwaka, bila kuruka hata mmoja. Ina muhuri wa kumruhusu kwenda Kindu na muhuri wa kurudi. Serikali ilijua kovu lake lilipo. Lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaosema kwamba mtu huyu alikuwa na shamba la michikichi alilopewa na wajomba zake, na kwamba lilianzia kijito hiki likaishia kwenye mti ule. Shamba hilo tulilipoteza, na hatuna cha kumwonyesha mtu. Tuna uthibitisho mzuri sana kwamba alilipa kodi.

Wakati babu anagongewa mihuri, ardhi ya Kivu ilikuwa inagawiwa. Mwaka wa 1925 ilianzishwa mbuga ya Albert, ambayo leo ni Virunga, na wakaaji wengi wakajikuta wako upande usioruhusiwa wa mpaka. Mwaka wa 1928 likaundwa Comité National du Kivu, likapewa mamlaka juu ya eneo kubwa mno la ardhi ili liwapimie walowezi wa kizungu. Kahawa, chai, kinkina, pareto. Mashamba hayo yalitaka mikono, na kuanzia 1937 hadi 1955 Wabeleji walileta familia nyingi kutoka Rwanda, iliyokuwa pia chini yao, wakaziweka Gishari na kwenye milima mingine ya Masisi. Waami wa pale waliombwa kibali jinsi mwenye nguvu anavyoomba. Waliokuja hawakujiandalia safari, na waliowapokea hawakuulizwa sawasawa. Walioamua waliondoka 1960 na faili zao.

Ninasikia watu wakieleza vita vya kwetu kana kwamba vilianza 2012, au 1994. Sitaki kutia kuni kwenye moto, ila ninasema hivi: ukiwa na watu wawili juu ya mlima mmoja, mmoja amepewa na mwami kwa mbuzi na pombe, mwingine amepimiwa na Mbeleji kwa ramani, na hakuna hata mmoja mwenye karatasi ambayo serikali ijayo itaiheshimu, umeandaa jambo litakalochukua muda mrefu kuisha.

Juu ya uhuru wenyewe nitapita haraka. Mwezi wa saba 1960, siku chache baada ya sherehe, askari wakaasi, Katanga ikajitenga, wafanyakazi wa kibeleji wakakimbia kwa maelfu. Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Madaftari yalibaki mezani bila wa kuyaendeleza. Mwaka wa 1964 Wasimba waliposhika mashariki, mtu mwenye kalamu mfukoni alikuwa hatarini, kwani makarani na walimu walitafutwa kama watu wa Bula Matari. Babu alizika mkebe wake nyuma ya jiko, na kwa miezi kadhaa alikuwa mlimaji asiyejua kusoma.

Mobutu ninamtazama kwa muda mrefu kidogo, maana katika jambo hili ndiye aliyeshika kalamu. Wazee wanamkumbuka kwa salongo, kwa abakosti na kwa muziki, na ninawaelewa, barabara ya Goma hadi Rutshuru ilipitika. Lakini angalieni sheria. Mwaka wa 1966 ilipita ile inayoitwa sheria Bakajika: mali yote ya ardhi inarudi kwa taifa. Ilionekana kama kulipiza kisasi cha 1885, na watu walishangilia. Kisha tarehe 20 Julai 1973 ikaja sheria ya ardhi ambayo tungali nayo. Inasema udongo wote ni mali ya serikali, haiuzwi, haipotei. Mtu anapewa haki ya kuutumia tu, na haki hiyo inaonekana kwa karatasi ya ofisi ya ardhi.

Sasa, wanavijiji? Wanaolima kwa kupewa na mwami au na ukoo? Kipengele cha 389 kinasema haki zao zitaelezwa kwa amri ya Raisi wa Jamhuri itakayotoka baadaye. Tarehe hiyo mlikuwa hamjazaliwa wengi wenu. Mpaka 2024 ilikuwa imepita miaka 51. Amri ilikuwa haijatoka. Mobutu hakuiandika kwa miaka 24 iliyombakia, na waliomfuata hawakuiandika. Sehemu kubwa ya Wakongomani wanalima kwenye ardhi ambayo sheria inasema habari zake zitaelezwa kesho. Ukiniuliza sentensi moja iliyotuletea shida kuliko hotuba zote za wanasiasa, nitakutajia hiyo.

Na tazama kilichofuata. Tarehe 30 Novemba mwaka uleule, 1973, Mobutu akatangaza kwamba mashamba makubwa na maduka ya wageni yatapewa wana wa inchi. Wana wa inchi waliopewa walikuwa wakubwa wa chama, maofisa, na watu wenye ndugu Kinshasa. Aliyejua njia ya ofisi alipata karatasi. Wengine walipata karatasi iliyozidi shamba la Mzungu ikameza na vijiji vya pembeni, kwani kwenye ramani vijiji hivyo havikuonekana. Kahawa ikang'olewa, ng'ombe wakaingia. Mwaka mmoja baadaye watoto wa waliokuwa wakilima pembezoni walikuwa wanaomba ruhusa ya kupita kwenda kuchota maji. Leo ukitembea Masisi utaona majani mazuri mpaka juu ya kilima, na chini bondeni watu wamebanana kwenye vipande vya bustani. Mgeni anapiga picha anasema ni kama Uswisi. Mimi ninaona mwaka wa 1973.

(Pesa nayo ilikuwa karatasi. Mwisho wa mwezi wa 12 mwaka wa 1979, noti za zaire 5 na zaire 10 zilifutwa kwa tangazo, na watu wakapewa siku chache za kubadilisha. Bibi yangu wa upande wa mama alikuwa Sake, benki iko Goma, foleni haina mwisho. Noti zake walichezea watoto. Tangu hapo hakuwahi kuweka akiba isiyokuwa na miguu minne.)

Basi tufike kwenye tarehe yetu. Mwezi wa saba 1984 mama yangu alikuwa msichana wa miaka 16 hapo Sake. Anasimulia kwamba alikuja kijana mwenye daftari, akapewa kiti, akauliza majina ya wote waliolala ndani usiku ule. Bibi alitaja watu tisa, pamoja na mtoto wa shangazi aliyekuja kutembea. Yule kijana akauliza: huyu tumhesabie hapa au kwao? Wakabishana mpaka bugali ikapoa. Mama bado hajui yule mtoto alihesabiwa wapi, lakini anachokumbuka zaidi ni kwamba kijana hakuomba kodi wala kuku. Aliandika, akashukuru, akaenda nyumba ya pili.

Waliohesabiwa walikuwa milioni 30 hivi. Leo makadirio yanapita milioni 100. Hiyo maana yake ni kwamba wengi wetu tulio hai hatujahesabiwa hata mara moja. Mimi nilizaliwa 1986. Kwa taifa langu mimi ni makadirio: wamechukua watu wa 1984, wamezidisha kwa kiasi fulani kila mwaka, na humo ndani ya kuzidisha nimo mimi na watoto wangu watatu.

Mtu anaweza kusema, hesabu ni mambo ya ofisini, sisi tunatafuta chakula. Lakini chanjo za surua zinapangwa kwa hesabu hiyo, na ndiyo sababu kuna zoni za afya ambazo kwenye ripoti watoto waliochanjwa ni wengi kuliko watoto waliopo, huku surua inaendelea kuua. Shule zinapangwa kwa hesabu hiyo. Viti vya Bunge, kwa kukosa hesabu ya watu, vinagawiwa kwa idadi ya walioandikishwa kupiga kura. Mwisho wa 2023 Masisi na Rutshuru hazikupiga kura juu ya vita. Kwa hiyo mahali penye shida nyingi ndipo penye sauti ndogo, na hakuna hata aliyehitaji kutuonea. Mpango wenyewe unajiendesha.

Kuna namna nyingine ya kuhesabu, na hiyo tuliijua vizuri. Sheria ya 1972 iliwapa uraia kwa jumla watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu zamani. Sheria ya 1981 ikaufuta, ikamtaka kila mmoja aombe peke yake. Mtu alilala raia, akaamka mgeni, kwenye kitanda kilekile. Mwaka wa 1991, wakati wa maandalizi ya demokrasia, walitumwa watu Kivu ya Kaskazini kutambua nani raia na nani si raia. Hapo daftari likawa kama panga. Mwezi wa tatu 1993 damu ikamwagika Ntoto, kule Walikale, ikasambaa Masisi, na maelfu wakafa kabla ya ile milioni ya wakimbizi kuvuka mpaka na kufika Goma mwezi wa saba 1994 na kolera yao. Yaliyofuata mnayajua, mmeyaishi: 1996, 1998, na kuendelea. Sheria ya 2004 ilijaribu kutengeneza kwa kusema kwamba jamii zote zilizokuwa ndani ya inchi siku ya uhuru ni za Kongo. Ni sheria nzuri. Ilikuja nyuma ya makaburi.

Kuna wanaotumia habari hiyo ya uraia kueleza kwa nini walichukua silaha. Mimi sikubali. Karatasi iliyochanwa haiponyeshwi kwa kuwafukuza watu wengine milioni kutoka kwenye mashamba yao, ambao nao hawana karatasi. Lakini sikubali pia wanaosema hakuna kilichochanwa.

Mwaka wa 2005 nilikuwa na miaka 19. Nilipanga foleni tangu saa kumi za usiku ili kupata karte ya mchaguzi, ile ya kwanza. Zaidi ya watu milioni 25 waliandikishwa inchi nzima. Mbele yangu alikuwa mzee aliyevaa koti la sherehe, na nilimwuliza atamchagua nani. Akacheka: "Mwanangu, kuchagua tutaona. Mimi ninatafuta kitambulisho." Tangu Zaire ilipokufa 1997 alikuwa anatembea na kadi ya chama cha Mobutu, ambayo kwenye barieri ilikuwa inaleta mambo. Yule mzee aliona mbali. Karte ya mchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu mpaka leo, ya muda, tunaambiwa, kwa miaka mingi sasa. Zile za 2023 nyingi zinafutika. Kwenye yangu imebaki kivuli cha kichwa, na askari mmoja aliniuliza kama mimi ni yule mtu au ni moshi. Nilicheka naye, maana yeye ndiye aliyeshika bunduki. Mwenye miaka 70 aliyepoteza karte yake huko Rusayo hakucheka.

Mama mmoja wa Bulengo, mwenye watoto sita, aliniambia jambo ambalo sijaacha kulifikiri. Siku walipofika waliandikwa na watu wa misaada: jina, umri, kijiji, kidole kwenye mashine, kisha jetoni. "Kule kwetu hakukuyaka mutu wa kutuuliza majina," alisema. "Ni huku ndio batoto yangu yote baliandikwa." Mwaka wa 2024 inchi nzima ilikuwa na wahamaji wa vita karibu milioni 7, na idadi hiyo tuliijua kuliko tulivyojua idadi ya wakaaji wa mtaa wowote. Ili Mkongomani ahesabiwe vizuri imebidi kwanza apoteze nyumba. Na jetoni hiyo, jamani, inasema wewe ni mtu wa hema namba fulani. Haisemi wewe ni mtu wa mlima fulani. Siku ya kurudi ndipo tofauti itaonekana.

Kwa hiyo niseme na machache ya kutumika. Mtoto akizaliwa una siku 90 za kumwandikisha kwenye ofisi ya serikali, kwenye komini au usultani ulipo, kwa karatasi ya kituo cha afya alikozaliwa. Ni bure. Zikipita siku 90 lazima kupitia mahakama ya watoto, na hapo safari inakuwa ndefu. Jirani yangu aliombwa franga kwenye ofisi moja ya mjini akiwa ndani ya zile siku 90. Aliomba risiti, na ghafla hapakuwa na haja ya franga tena. Aliyepoteza karte aombe karatasi ya ushahidi wa kupoteza, na asingoje siku ya safari. Mwenye karatasi yoyote ya shamba, hata ya mkono, hata ile ya kuonyesha mbuzi aliopewa mwami (ndugu zetu wa Bushi wana kalinzi yao), apige picha aitume kwa watu watatu walio mahali tofauti. Mvua ya hapa inapita kwenye shitingi, na karatasi haijui kuogelea.

Kuna jambo lingine nililoliona siku moja ya posho, mwaka wa 2024. Kwenye moja ya kambi zilizokuwa magharibi ya mji, sitasema ipi wala watu wa kijiji gani, wazee wawili na vijana watano walikuwa wamenunua kaye za shule. Walikuwa wanakaa chini ya mti wa mkaliptusi kila baada ya misa na kuandika kijiji chao. Walianzia kwenye daraja la miti, wakapanda upande wa kulia, nyumba kwa nyumba. Nani alikaa hapa, watoto wake ni nani, amekufa au yu hai, yuko kambi gani. Kisha shamba lake: linaanzia wapi, linapakana na nani, nani alilima hapo kabla. Mwenye shamba akiwepo aliitwa, na majirani wa pande zote mbili waliitwa, wote waliweka kidole kwenye wino wa kalamu iliyovunjwa. Mama wajane waliandikwa kwa majina yao wenyewe, jambo ambalo lilileta kelele siku ya kwanza, na mzee mmoja akaondoka. Alirudi juma la pili.

Hakuna aliyewatuma. Niliwauliza karatasi hizo watampelekea nani, maana hazina muhuri. Kijana anayeandika, ambaye alikuwa darasa la tano la sekondari kabla ya kukimbia, alisema muhuri utatafutwa baadaye. Wazee wanaokumbuka mipaka ndio hawatangoja, wawili wameisha zikwa hapa tangu mwezi wa tatu. Walikuwa kwenye kaye ya tatu. Walikuwa wanazifunga ndani ya mfuko wa plastiki wa mchele, na kila usiku zililala kwenye hema tofauti.

Nilipokuwa pale walikuwa wamekwama. Kulikuwa na kipande cha shamba juu ya chemchemi ambacho familia mbili zilisema ni chao, na babu wa familia zote mbili walikuwa wamelima hapo kwa nyakati tofauti. Watu walianza kupaza sauti, na wapita njia wakasimama kutazama. Mzee akamwambia kijana aandike majina yote mawili, na pembeni aandike kwamba hawajaelewana. Kijana akauliza kama inaruhusiwa kuandika hivyo. Mzee akamjibu aandike tu, kisha wapite kwenye nyumba inayofuata, maana jua lilikuwa linashuka na walikuwa bado hawajafika kwenye shule.